Sura ya Tano: Bahari Iliyo Chini ya Ukunda

Atakayechimba shimo la choo Diani, Tiwi au Galu hatachimba mbali kabla ya kuifikia bahari. Chini ya udongo mwembamba sururu hugonga jiwe jeupe lililojaa matundu, na ukilivunja unaona ndani matumbawe ya duara yenye mikunjo, vipande vya kombe, simbi zilizopoteza rangi, na mara mojamoja kombe kubwa lenye mawimbi ukingoni, zito kuliko mtoto mchanga. Hapo ulipo unaweza kuwa kilomita moja au mbili kutoka ufukweni, kati ya minazi na mikorosho, na ng'ombe wa jirani anakutazama. Wenyeji hawashangai. Jiwe hilo ndilo lililojenga nyumba zao.

Swali la sura hii lina tamaa kidogo ndani yake. Kuna nchi ambako kombe la kale linalochimbwa ardhini huuzwa kama kito, likawekwa kwenye pete na mkufu, na bei yake kushindana na ya mawe yanayoheshimika. Kwale imekaa juu ya kombe za kale kutoka Likoni hadi Vanga. Mbona basi hakuna sonara anayekuja kuzitafuta?

Tuanze na bahari yenyewe. Miaka 125,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa nyakati za babu zetu, sehemu ya barafu ya ncha za dunia ilikuwa imeyeyuka, na maji ya bahari yalisimama juu zaidi ya leo kwa takriban mita 6 hadi 9. Pale ambapo leo ipo barabara ya hoteli za Diani palikuwa na mwamba hai wa matumbawe, wenye samaki, kamba, kaa na kombe za kila aina. Kisha baridi ikarudi. Maji yakavutwa tena kwenye barafu, bahari ikashuka hadi zaidi ya mita 100 chini ya kiwango cha sasa, na mwamba ule ukaachwa mkavu, unapigwa jua na kunyeshewa mvua kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mwanajiolojia Mwingereza Alistair Crame alichunguza miamba hiyo ya pwani ya Kenya na mwaka 1980 akachapisha maelezo ya jinsi jamii za matumbawe zilivyofuatana ndani yake. Kabla yake, mwaka 1953, P. V. Caswell wa Idara ya Jiolojia ya Kenya alikuwa ameshatoa ripoti ya eneo la Mombasa na Kwale.

Anayetaka kuuona mwamba huo bila kuchimba aende Wasini. Nyuma ya kijiji kuna uwanda wa matumbawe ya kale yaliyosimama wazi, yamechongwa na maji hadi yakawa na maumbo ya ajabu, na kikundi cha wanawake wa kisiwa kimejenga daraja la mbao la kupita katikati yake na hutoza ada ndogo. Maji ya bahari kubwa yakijaa, huingia hadi chini ya mbao. Upande wa pili wa mkondo, mapango ya Shimoni yamo ndani ya mwamba uleule. Na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio kusini ya Diani na ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Mijikenda, miti yake imeshika mizizi juu ya matumbawe makavu. Ukitembea humo na mlinzi wa kaya, umevaa kaniki kama inavyotakiwa, angalia chini mara mojamoja: mawe unayoyakanyaga yana nyota ndogondogo za viumbe vilivyokufa kabla binadamu hajajua kulima.

Sasa twende kwenye matimbo, maana huko ndiko kombe hizi zinakotoka kwa wingi. Kutoka Waa na Tiwi hadi Msambweni, wanaume huchimba jiwe la matumbawe na kulikata matofali. Zamani kazi ilikuwa ya mikono mitupu: mtaimbo wa kubandulia, sururu, tindo, nyundo, shoka la kuchongea. Siku hizi baadhi ya matimbo yana msumeno wa injini unaotembea juu ya sakafu ya jiwe ukikata mistari iliyonyooka, na vumbi jeupe hufunika kila kitu, pamoja na nyusi za wakataji. Kazi ni ngumu na malipo huhesabiwa kwa jiwe moja moja. Dalali huja na lori, huchagua, hulalamikia pembe zilizovunjika, kisha hupakia.

Nilimwuliza mkataji mmoja wa makamo, akiwa amekaa kivulini na chupa ya maji, juu ya kombe kubwa lililochomoza ukutani mwa timbo lake.

"Ami, hili mwaliuza?"

"Hili?" Alicheka. "Hili latupwa, mwanangu. Jiwe likiwa na kombe ndani, ukilikata lavunjika papo hapo, na fundi mwashi halitaki. Mzungu akipita huenda akalitaka. Lakini Mzungu hapiti huku."

Jibu lake lina hekima ya biashara, lakini pia lina jiolojia. Kombe kubwa ni gumu kuliko matumbawe yaliyolizunguka, hivyo msumeno ukilifikia, nguvu hutafuta njia kandokando yake na jiwe hupasuka kwenye mshono. Kwa mkataji, kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale ndani ya jiwe, ni kasoro. Na kwa sonara je?

Ili kombe liwe kito kuna mambo mawili, na la kwanza ni namna mnyama alivyolijenga. Karibu konokono na chaza wote wa baharini hujenga nyumba zao kwa chokaa, na aina moja ya chokaa hiyo, inayoitwa aragonaiti, ndiyo ya kawaida katika kombe za tropiki na katika matumbawe. Lakini mpangilio hutofautiana. Chaza wa lulu, amonaiti wa kale (nitarudi kwao) na jamaa zao hupanga aragonaiti katika vibamba vyembamba mno, kila kimoja chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kimoja juu ya kingine, na utando laini kati yao. Hiyo ndiyo sadafu. Mwanga ukiingia, sehemu yake hurudi kutoka kwenye kibamba cha juu na sehemu kutoka vya chini, mawimbi hayo yanakutana na kuongezana au kufutana, na jicho huona kijani, nyekundu, zambarau. Ni kanuni ileile ya rangi unazoziona dizeli ikimwagika juu ya dimbwi kwenye stendi ya matatu ya Ukunda. Hakuna wino wala rangi yoyote ndani ya ganda. Rangi ni kazi ya unene wa vibamba.

Simbi, makoni na kombe wakubwa wa jamii ya tridakna, ambao wamejaa katika mwamba wa Kwale, hawajengi hivyo. Wao husuka nyuzi za aragonaiti zikipishana, kama ukili wa mkeka. Ganda linakuwa gumu sana, jeupe, na likisuguliwa hung'aa kama kaure. Lakini halina upinde wa mvua ndani yake, na halikuwa nao hata lilipokuwa hai. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kombe zinazotupwa kwenye matimbo ya Tiwi zilikosa sifa ya kwanza siku ileile zilipozaliwa.

Jambo la pili ni yale yanayolipata ganda baada ya mnyama kufa, na hapa ndipo mvua inapoingia. Aragonaiti si chokaa imara. Ikiachwa ndani ya maji matamu huyeyuka polepole, na chokaa iliyoyeyuka huganda upya kama kalisaiti, ambayo ni imara zaidi. Vibamba vikitoweka, mpangilio ule mwembamba hupotea, na mwanga hauna tena pa kuchezea. Mwamba wa Diani ulikaa juu ya bahari kwa karibu miaka 100,000, ukinyeshewa masika na vuli. Maji yalipenya kwenye matundu, yakachimba mapango, yakayeyusha maganda na kuacha nafasi tupu zenye sura ya ganda, yakabeba chokaa ile na kuiacha katikati ya chembe za mchanga na vipande vya matumbawe. Chokaa hiyo ikawa saruji ya asili. Ndiyo inayoshika matofali ya Waa pamoja. Mvua iliyoharibu kila nafasi ya kito ndiyo iliyotengeneza jiwe la kujengea, na kwa maoni yangu pwani ilipata faida katika biashara hiyo: mtu hulala ndani ya nyumba ya mawe, halali ndani ya pete.

Mvua hiyohiyo bado inafanya kazi. Inapita katika matundu ya mwamba na kukusanyika chini, juu ya maji ya chumvi, na visima vya Tiwi vimekuwa vikinywesha Ukunda na Diani kwa miaka mingi. Ndiyo sababu maji yake huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ni chokaa ya matumbawe na kombe za kale iliyoyeyuka, na kila mama wa Ukunda anayesugua sufuria anasugua kisukuku.

Wazee wetu walilijua jiwe hili kabla ya wanajiolojia. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini kaskazini ya Diani, ulijengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita na bado unaswaliwa. Waashi wa Kiswahili walitofautisha jiwe la nchi kavu, gumu na lenye matundu, la kuta, na matumbawe laini yaliyokatwa baharini yangali mabichi, yanayochongeka kwa urahisi kisha yakakauka na kuwa magumu, ya kuchongea mihirabu na vizingiti. Chokaa nayo ilipatikana kwa moto: magogo hupangwa duara, matumbawe na makombe hurundikwa juu, tanuri linawashwa usiku kucha, kisha majivu meupe huachwa yapigwe na mvua hadi yalegee. Kombe lililoshindwa kuwa kito halikupotea. Lilipakwa ukutani. Na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza mwaka 1954 kaskazini ya Mombasa, kilifanya kwa mashine kile walichokuwa wakifanya mafundi wa tanuri, hadi machimbo yake yaliyochoka yakageuzwa msitu na René Haller kuanzia mwaka 1971.

Sasa tutazame upande wa pili wa dunia, mahali ambapo mambo yote mawili yalikubali.

Kusini mwa jimbo la Alberta, Kanada, Mto St. Mary umekata matabaka ya udongo mweusi yanayoitwa Bearpaw. Miaka milioni 70 hivi iliyopita bahari ya kina kifupi ililigawa bara la Amerika Kaskazini, kutoka kaskazini ya Aktiki hadi Ghuba ya Meksiko, na ndani yake waliogelea amonaiti: jamaa wa pweza na ngisi, wenye ganda la mviringo lililojikunja kama pembe ya kondoo. Wakubwa kati yao walikuwa na upana wa zaidi ya nusu mita. Walipokufa walizama kwenye matope laini, na juu yao likanyesha jivu la volkano ambalo baadaye liligeuka udongo mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Huo ulikuwa ulinzi wao. Maji matamu hayakuwafikia, aragonaiti ikabaki aragonaiti, na uzito wa matabaka ya juu ukabana sadafu hadi ikawaka rangi kali kuliko ya mnyama alivyokuwa hai. Hicho ndicho kito kinachoitwa amolaiti.

Watu wa kabila la Blackfoot walikijua zamani. Vipande vya amonaiti waliviita iniskim, jiwe la nyati, na kuvitumia katika ibada ya kuwaita nyati karibu na wawindaji. Biashara ya kisasa ilianza baadaye sana. Kampuni ya Korite iliundwa mwaka 1979, na mwaka 1981 shirikisho la kimataifa la wafanyabiashara wa vito, CIBJO, likakubali amolaiti kuwa kito. Korite huchimba kwa mashine za kufukulia, hadi mita 20 hivi chini, kisha mashimo hufukiwa na ardhi kurudishiwa wafugaji. Wachimbaji wameshakumbana humo na mifupa ya mosasau, mijusi wakubwa wa baharini waliokula amonaiti, na sheria za jimbo hutaka visukuku vya namna hiyo viripotiwe kwa wataalamu wa makumbusho.

Lakini nisikuache ukidhani ni fedha ya kuokota. Tabaka lenye rangi katika ganda zima huwa chini ya milimita moja, na likisuguliwa hubaki robo yake. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kama 4. Kisu cha jikoni kinaweza kulikwaruza. Kwa hiyo mafundi hulilowesha gundi ngumu, hulibandika juu ya jiwe jeusi, na mara nyingi hulifunika kwa kifuniko cha kioo kigumu kama kwatzi au spineli ya kutengenezwa. Nyekundu na kijani ndizo za kawaida. Buluu na zambarau ni adimu kwa sababu zinatoka kwenye vibamba vyembamba zaidi, na vyembamba huvunjika kwanza. Pete ya amolaiti, ukweli usemwe, ni kazi ya gundi na ufundi kama ilivyo kazi ya maumbile.

Karibu nasi zaidi ipo Madagaska. Katika eneo la Mahajanga, wanavijiji huchimba kwa mikono amonaiti wa aina ya Cleoniceras, wenye umri wa miaka milioni 110 hivi. Wengi hupasuliwa katikati ili vyumba vya ndani, vilivyojaa fuwele, vionekane. Wengine husuguliwa nje hadi sadafu ijitokeze kwa rangi za kijani na nyekundu hafifu. Sadafu hii haina ukali wa ile ya Alberta na kwa kawaida huuzwa kama pambo la meza, lakini inathibitisha kwamba udongo mfinyanzi unaweza kulinda ganda hata upande wetu wa dunia.

Je, pwani ya Kenya ina amonaiti? Inao, na walijulikana Ulaya mapema. Miaka ya 1870 msafiri Mjerumani J. M. Hildebrandt aliokota amonaiti katika udongo wa karibu na Mombasa, na Ernst Beyrich wa Berlin akaandika habari zao. Baadaye, katika miaka ya 1920, Bi McKinnon Wood alikusanya visukuku vingi vya pwani, na mwaka 1930 vilielezwa katika kitabu kilichotolewa na makumbusho ya Hunterian ya Chuo Kikuu cha Glasgow, amonaiti wakishughulikiwa na Leonard Spath. Hao ni wa zama za Jura, karibu miaka milioni 150. Makao yao si mwamba mweupe wa Diani, bali ni udongo wa kijivu wa magharibi ya kisiwa cha Mombasa, kuelekea Changamwe na Port Reitz. Ni mali ya elimu. Hakuna sonara aliyewahi kuishi kwa kuwauza.

Inachekesha kidogo kwamba Wakanada walikuja Kwale wakitafuta kitu kingine kabisa. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ndiyo iliyoanza kupigania mchanga mzito wa Maumba na Nguluku, kabla mradi haujachukuliwa na Base Resources ya Australia mwaka 2010. Mchanga huo, wa vilima vyekundu vya kale vilivyo nyuma ya mwamba wa matumbawe, una ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni mapema mwaka 2014, na uchimbaji ukasimama mwishoni mwa mwaka 2024 baada ya madini kwisha. Nautaja hapa kwa sababu ya zirkoni. Zirkoni safi yenye ukubwa wa punje ya mahindi ni kito cha heshima, na masonara wa Asia wameikata tangu zamani. Zirkoni ya Kwale ni punje za mchanga. Kikemia ni kitu kilekile, lakini iliuzwa kwa tani, kwa viwanda vya vigae na vyombo vya kauri. Kito hakipimwi kwa jina la madini peke yake. Ukubwa na usalama wake njiani ndivyo vinavyoamua, na kwa kigezo hicho mchanga wa Nguluku na kombe za Tiwi vimefungiwa mlango mmoja.

Kwale ina vito vya kweli, ila viko mbali na bahari. Panda kutoka Kinango kuelekea magharibi hadi Kuranze, kwenye nyika kavu inayopakana na Taita Taveta, na uko katika ukanda wa tsavoraiti, garneti ya kijani ambayo Campbell Bridges aliitambua kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wa Kenya miaka michache baadaye. Kampuni ya Tiffany ya New York iliitambulisha sokoni mwaka 1974, ikipewa jina kutokana na Tsavo. Hiyo haina uhusiano wowote na kombe. Ilipikwa ndani kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana, na vanadi kidogo ikaipa kijani chake. Ugumu wake unazidi 7. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, baada ya mzozo mrefu juu ya eneo lake la machimbo, na wachimbaji wadogo wa nyika ile bado wanakumbuka kisa hicho wanapozungumza juu ya leseni.

Narudi pwani, kwa sababu kuna matumizi ya kombe kama pambo ambayo ni ya kale kuliko matumizi ya kito chochote kilichotajwa hapa, na hayahitaji sadafu wala udongo mfinyanzi. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia walipata ushanga uliotengenezwa kwa ganda la koni, wenye umri wa takriban miaka 65,000. Ndio ushanga wa kale kuliko wote uliopatikana Kenya. Aliyeutoboa hakungoja ganda lizikwe. Aliliokota au alilipata kwa mtu aliyeliokota. Na simbi, ambayo wanawake wa pwani huiokota maji yakikupwa, katika karne ya 19 iliwahi kuwa bidhaa ya dunia: wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kwa shehena Zanzibar na sehemu nyingine za pwani, wakazipeleka Afrika Magharibi zitumike kama pesa, hadi wingi wake ukaishusha thamani ya pesa hiyo. Leo huko Fumba, Unguja, wanawake hufuga chaza, huvuna nusu lulu na kusugua sadafu kuwa hereni. Ikiwa Kwale inataka biashara ya ganda linalong'aa, mfano wa kufuata uko Fumba. Sadafu ya chaza wa leo imekamilika, haijaguswa na mvua ya miaka laki moja, na haihitaji gundi ya kuishikilia.

Bado watu watachimba. Na watu wakichimba, mara mojamoja madalali huja na maneno ya kombe la kale lenye bahati, kombe la thamani, kombe ambalo soko lake liko ng'ambo. Kwa hao kuna mambo mawili ya kusema. La kwanza ni la kisayansi, nalo nimeshalieleza: mwamba mweupe wa pwani ya kusini hautatoa amolaiti, hata uchimbwe hadi Lunga Lunga. Kipande chenye rangi za upinde wa mvua unachoonyeshwa Diani kama kito cha kombe la kale la hapahapa kimetoka nje, au ni ganda jipya lililosuguliwa.

La pili ni la kisheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumtaka awe na kibali, na imegawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayokaa pale. Watu wa Kwale wanaijua hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa fungu lao la mchanga wa Nguluku walilidai kwa miaka. Lakini kisukuku hakisimamiwi na sheria hiyo peke yake. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inataka mtu apate leseni kabla ya kwenda kuvitafuta, atoe taarifa akivipata, na apate kibali kabla ya kuvitoa nchini. Mkataji wa timbo anayekuta kombe ndani ya jiwe hana kosa la kutafuta bila leseni. Anayelinunua, akalifunga kwenye sanduku na kulipeleka uwanja wa ndege, yeye ndiye atakayeulizwa.

Sioni sheria hiyo kuwa ya kumnyima mtu riziki. Kombe la timboni halina bei ya maana, lakini lina habari: aina ya kombe, kimo lilipokaa juu ya usawa wa bahari wa leo, matumbawe yaliyolizunguka, vyote huonyesha bahari ilisimama wapi dunia ilipokuwa na joto kama hili linalotujia. Kwa mtu mwenye kiwanja Galu au Nyali, hilo si jambo dogo. Likishang'olewa na kuwekwa kwenye rafu ya hoteli, habari yote imekatika, limebaki jiwe.

Kwa hiyo, wewe unayechimba kisima, msingi wa nyumba au shimo la choo kati ya Likoni na Vanga: ukikuta ganda lililojikunja kama pembe ya kondoo, au kombe kubwa lililokaa wima kama lilivyokuwa hai, usilipige nyundo. Lipige picha likiwa pale pale, pima kina chake kwa kamba, andika jina la kijiji, kisha peleka habari ofisi ya Makavazi ya Kitaifa iliyo Fort Jesus, Mombasa. Baada ya hapo endelea na kazi yako. Jiwe lililobaki ni la fundi mwashi.